Sufuria Yenye Kuandikwa YA

Leo haya imenimaliza.

Sitaki pole zenu. Sitaki na zile vichwa za njano zenye kucheka na machozi. (Mama Kanyere, weye njo ninaambia wa kwanza, kidole yako ninaijua.) Ninaandika hapa mu grupu yetu juu najua mpaka mangaribi mutakuwa mumeshasikia kwa bamotari, na bamotari banaongezaka chumvi. Afazali musikie kwangu, mwenye ilimufikia.

Munajua kama leo ilikuwa siku ya Solange, mutoto wangu wa kwanza. Bakwe balikuwa banakuja kutuona mara ya kwanza: Papa Kambale, ule mwenye duka ya manjanja ya kufunika nyumba na misumari kule Sake, na familia yake ya Butembo. Kijana yao Paluku njo anamutaka Solange. Na Solange anamutaka, hata kama anasema hajui bado. Hajui bado, lakini akifua nguo anaimba jina ya Paluku mpaka sabuni inaisha.

Sasa mukumbuke mambo ya mwaka jana. (Hapana, musikumbuke. Bon, kumbukeni kidogo.) Familia ingine ilikuja kutoka Burungu, ikanikuta mbele ya mulango ninagombana na muntu juu ya kuku. Balikunywa mashanza yetu, maziwa ya kuganda, bakashukuru vizuri, bakaenda, hatujabaona tena mpaka leo. Kiisha habari ikaturudilia: balisema binti iko muzuri, lakini mama yake ana kinywa.

Kinywa! Miye! (Sawa.)

Kwa hiyo jana Solange alinishika mikono yote mbili. Macho ilikuwa imeshajaa maji. "Mama, kesho tu. Usigombane na muntu. Hata akikukanyaga, hesabu kwanza, sema pole." Nikaapa. Nikaapa kwa jina ya mama yangu mwenye alikufa, mbele ya bwana yangu. Papa Solange alikohoa tu.

Asubui ikaanza mubaya. Nilichelewa kuamka. Pale kwetu Bihambwe muntu hana lazima ya saa, tuko na jogoo wa Mama Furaha, jirani wetu wa chini. Jogoo mwenye sauti ya muntu wa kuuza samaki, na muguu moja haina kidole ya nyuma juu niliifungia mu mulango wangu siku moja. (Bila kusudi. Karibu bila kusudi.) Miaka yote hii ananiuzi. Na leo, siku yenye namuhitaji, kimya! Nikafungua macho, jua imeshafika ku dirisha. Nikasema mu roho: hata jogoo wa ule mama ananifanyia kusudi.

Kwa nini nilisema "ule mama"? Njo tunafika ku sufuria.

Benye kunijua banaijua sufuria yangu kubwa. Iko ya zamani, nzito, inapika maharagi ya bantu makumi tatu bila kuunguza. Ile mara ya kwanza tulikimbia, Solange akiwa mudogo, nilitoka mu nyumba na vitu mbili: mutoto ku mugongo na sufuria ku kichwa. Papa Solange alibeba redio. (Redio haikufika. Sufuria ilifika.) Tuliipikia kule Sake miezi na miezi, tukachotea maji, tukamuoshea Solange ndani yake. Nikarudi nayo. Kwangu ile haiko chombo, iko muntu wa familia.

Chini yake niliandika YA. Yvette Asifiwe. Herufi mbili tu, juu vernisi ya kucha ilikuwa imebakia kidogo mu chupa na jina yangu iko murefu. Kama ningejua! Sababu kila mwenye kusoma ile YA anaisoma vile roho yake inataka.

Mulikuwa ku ndoa ya Antoinette? Haya. Juu iko mukubwa wetu, sisi wote tunamuitaka Ya Anto. Ndoa ikaisha, akabeba sufuria kwake. Nikaenda kuuliza. "Si imeandikwa Ya?" anasema. "Ya njo miye!" Siku kumi anapikia ndani yake. Kutoka pale ikaenda ku shapeli kwa kazi ya sikukuu, katekista akaifungia mu depo mwezi muzima. "Mama Yvette, hii ilikuwa YA KANISA. Ile ingine ilifutika na majivu." Nikamuuliza ni majivu gani yenye inafuta kanisa na inaacha ya. Mwaka ingine tena, bamama ya maombi bakaipata, bakasema YA iko Yesu Anaweza, na kwa sababu baliisha kuiombea siwezi tena kuipikia pombe. (Sijapikaka pombe. Karibu sijapikaka.)

Na kabla ya hao wote kulikuwa askari. Ile ile siku ya kukimbia, ku bariere mbele ya kuingia Sake. Akanishushisha sufuria, akaigeuza, akasoma polepole: "Y. A. Hii iko grupu gani?" Munajua kwetu Masisi, herufi mbili ao tatu bila maelezo iko kitu ya kuogopesha, kila mara kunatokea zingine mu pori. Nikajibu: "Mukubwa, iko grupu ya maharagi." Akacheka sana, akaita benzake bacheke naye, tukapita.

Tangu ile siku nilishika desturi. Muntu akiniletea matata ya sufuria, sisemi mingi. Ninaishika, ninaigeuza juu chini, ninaonyesha YA, ninaeleza. Niliigeuza mbele ya Ya Anto. Niliigeuza mbele ya katekista na mbele ya bamama ya maombi. Kila mara ninashinda. Mukono yangu imeshazoea, haingojee tena kichwa ifikiri.

Bon. Wiki tatu zenye zilipita kulikuwa kilio kwa Papa Bauma. Kukiwa kilio kila nyumba inatosha vyombo, inapeleka kule, na miye nikatosha sufuria. Kilio ikaisha, bantu bakagawanya vyombo, yangu haikurudi. Nikauliza. Bakaniambia Mama Furaha aliibeba na chakula yenye ilibakia, juu bwana yake hayuko na batoto ni mingi. Sawa, nikasema, atairudisha. Nikangojea wiki moja, nikangojea mbili. Tunakutana ku maji, ananisalimia na heshima yote, "Umeamka, dada Yvette?" Ya sufuria hasemi. Nikaona siku zingine anageuza njia akiniona mbali.

Nikapata maana yangu mwenyewe. Pale kwetu haurudishii muntu sufuria tupu. Utaweka ndani kitu, hata viazi tatu, hata chumvi mu karatasi. Nikasema: huyu mama iko mugumu! Hataki kutosha hata ile viazi tatu, afazali akae na sufuria ya muntu. Na niliisema kwa sauti, ku maji, mbele ya bantu. Niliisema mara mbili.

Sasa leo asubui. Mama mumoja ananiambia ku maji kama ameona sufuria yangu kwa Mama Furaha, iko ku moto. Ku moto! Nikarudi nyumbani ninapumua kama pikipiki ku mulima.

"Papa Solange, ninaenda kuchukua sufuria yangu."

"Yvette, leo hapana. Leo iko siku ya mutoto."

"Nitapikia bageni sita mu nini?"

"Mu zile ndogo."

"Zile ndogo tatu! Bantu ya duka batakuja kutuona tunapakua mu sufuria ndogo kama tuliamka ku safari?"

"Uliapa," akasema. Akakohoa.

Basi nikaacha. Nikapika mu zile ndogo: moja maharagi, moja viazi, moja sombe, ile majani ya muhogo. Nyama ilikuwa ifike jana na pikipiki kutoka Mushaki, haikufika, barabara njo munajua. Bakwe ya kwanza, bila nyama! Jana mangaribi nililalamika sana ku maji juu ya ile nyama, bantu yote balisikia. Muweke hii mu akili, itarudi.

Saa ine na nusu bakafika, pikipiki tatu. Papa Kambale akashuka na kostimu ya rangi ya kahawa na viatu nyeusi. Mbele ya kuingia ku kiwanja akatosha kitambaa mu mufuko, akainama, akapangusa ile viatu moja moja mpaka inaonyesha mawingu. Nyuma yake Mama Kavira, bibi yake, na kikwembe mupya. Halafu Paluku na jasho yake, na baba wakubwa batatu.

Bamama, nilikuwa muzuri! Nilikuwa muntu mungine. "Karibu Papa, karibu Mama, poleni na njia." Nilicheka kwa sauti ndogo, nikaweka mukono mbele ya kinywa. Solange aliniangalia kama haniamini. Papa Solange naye akaacha kukohoa.

Papa Kambale akanishika mikono. "Mama Solange," anasema, "tulisikia mengi juu yako njiani. Lakini naona uko mama wa amani."

Mama wa amani! Alisema vile, mbele ya bantu yote, musiseme nimetunga!

Na pale pale, juu ya bega yake, nikaona. Mama Furaha anapanda na njia ya chini, mbio mbio, sufuria yangu ku kichwa. Yangu! Ninaijua hata ikiwa milima mbili mbali, ina ile kubonyea ya upande yenye ilipata ku bariere. Akafika ku kona ya uzio, akaona pikipiki, akaona bageni, akashituka. Akageuka. Akainama kidogo na akaanza kupita nyuma ya migomba, polepole, kama muntu mwenye hataki kuonekana.

Roho ikaniambia: anaihamisha. Anaona niko na bageni, nimefungwa, siwezi kusema kitu, njo saa ya kupitisha sufuria yangu mbele ya macho yangu!

Nikajaribu. Mungu iko shahidi, nilijaribu. Nilihesabu mpaka ine.

"MAMA FURAHA! SIMAMA PALE!"

Mikono ya Papa Kambale ikabakia mu hewa. Miye nilikuwa nimeshafika ku migomba.

Mama Furaha akasimama, sufuria ku kichwa, mikono yote mbili juu. Akaanza kunifanyia alama na macho. Macho inaenda ku jikoni, inarudi kwangu, inaenda ku jikoni. Nikaona ananicheka.

"Dada," anasema kwa sauti ya chini kabisa, "tuende nyuma. Bageni banaona."

"Banaona? Wacha baone!"

"Dada Yvette, tafazali. Nyuma ya nyumba, nitakuambia."

"Hapana, hapa hapa! Wiki tatu unakaa na kitu ya muntu, na leo unapita nayo nyuma ya migomba!"

Solange akaita "Mama!" Niliisikia. Nilijifanya sisikii. (Hii njo inaniuma kupita yote, mujue.) Bageni balikuwa bameshatufikia, muntu hawezi kubaki amekaa wakati kunatokea vile. Na miye, badala ya kuona haya, nikaona bashahidi. Nikamwita Papa Kambale kabisa, na jina yake!

"Papa Kambale, karibu hapa karibu yangu. Weye muntu wa biashara, unajua alama ya mali. Utaniambia ukweli."

Akakuja, maskini, kwa heshima. Akasimama mbele yangu na ile viatu.

"Chini ya hii sufuria," nikasema, "kumeandikwa YA."

Nikaishika. Mama Furaha akaishika pia. "Yvette, ngoja, iko na..." Nikavuta. Akaachilia, juu aliogopa. Nikaona iko nzito. Nilisikia uzito, mikono ilisikia, lakini si nilishawaambia, mikono yangu haingojee kichwa. Nikaigeuza juu chini, kama kila siku, mbele ya macho ya Papa Kambale.

Kifuniko njo ilianguka ya kwanza, ikazunguka zunguka mpaka kwa Paluku. Kiisha muchele. Muchele muzuri, mweupe, mwingi, yenye haiko na haraka. Kiisha supu. Kiisha kuku muzima, kipande kwa kipande, yote ku viatu ya Papa Kambale.

Na munisikie vizuri: sikukuwa nimeelewa bado. Nilikuwa ninaangalia ile chini ya sufuria tu. Nikaweka kidole ku herufi, nikapiga kelele:

"Munaona? YA!"

Hata pikipiki ya kupita ku barabara ilizima.

Papa Kambale akaangalia viatu. Akaangalia sufuria. "Nimeona, Mama," akasema polepole. Akainama, akasoma. "YA. Ya nani?"

Nikafungua kinywa niseme. Mama Furaha akasema mbele yangu. Supu ilikuwa inamushuka ku mukono mpaka ku kisigino.

"Ya kwake, Papa. Nilikuwa ninamurudishia."

Njo pale macho yangu ikashuka. Juu ya kiatu ya kuume kulikuwa muguu ya kuku. Vidole tatu mbele. Nyuma, hapana.

Bamama, nilimujua! Nilimujua ule jogoo mu ile muguu. Njo maana hakuimba asubui. Ilikuwa kuku yake moja tu, hana ingine. Na Mama Furaha akaeleza, si kwangu, kwa Papa Kambale, kama muntu mwenye anajitetea ku barza ya shefu:

"Wiki tatu sikukuwa na kitu ya kuweka ndani, Papa. Viazi yangu mvua iliozesha yote. Ningeileta tupu? Niliona haya hata kupita hapa. Jana nikasikia iko na bageni na nyama haipatikane, nikasema njo siku ya kuirudisha. Nilitaka kupita nyuma, niingize ku jikoni, bageni basijue kama chakula ilitoka kwa jirani. Ingekuwa kama yeye njo alipika."

Akapangusa mukono na kikwembe yake.

Nilitaka kuingia mu ile sufuria na nijifunike. Wiki tatu ninamuita mugumu ku maji, mbele ya bantu, na yeye wiki tatu anageuza njia juu ya haya ya kurudisha tupu! Anamuchinja jogoo wake juu ya bakwe yangu miye. Anapita mu migomba kama mwizi kusudi miye nionekane mama mwenye anaweza. Na miye nikamumwangia mbele yao. Nikaanza kulia, na sufuria mu mikono, bado juu chini. Sikujua namna ya kuiweka.

Solange aliingia mu nyumba mbio, akafunga mulango. Mama Kavira alifunika uso na kikwembe mupya, mabega inatetemeka. Nilifikiri analia na yeye. Hapana. Alikuwa anacheka mpaka Paluku akamushika.

Papa Solange akakohoa. Kiisha akasema yake ya kwanza tangu bageni bafike: "Yvette, leta maji."

Nikaleta maji. Nikapiga magoti nikaosha viatu ya mukwe wangu, nikatosha muchele moja moja mu kamba. Alikaa ku kiti na soksi. Nilipofika ku kiatu ya pili akaniuliza, kwa upole kabisa: "Mama Solange, ile ya kuku ya mwaka jana, njo hii ao ingine?"

Sake yote inajua! Nikasema: "Ingine, Papa."

"Aaa," akasema.

Tukakula. Maharagi, viazi, sombe, mu zile sufuria ndogo tatu. Mama Furaha alitaka kurudi kwake, Papa Kambale akakataa kabisa, akamukalisha pembeni yake, ku kiti yangu. Miye nilipakua. Hakuna mwenye aliuliza nyama, bote baliiona.

Kiisha kukula, Papa Kambale akasimama, na viatu yenye maji inalia kwenci, kwenci. Solange alikuwa anasikiliza nyuma ya mulango, niliona kivuli ya miguu yake. Kama banaenda kama bale ya Burungu, nikasema, mutoto wangu hatanisamehe, na atakuwa na haki.

"Papa Solange," anasema, "tumekula, tumeshukuru. Nyumba yenye jirani anaichinjia jogoo wake wa mwisho, siwezi kusema ni nyumba mubaya. Tutarudi kuzungumza ya ngombe." Mulango ikapiga kelele kidogo, Solange alikuwa ameiegemea. "Lakini niko na neno moja. Ile siku, mwenye atatupokea ku mulango iko huyu Mama Furaha. Njo atasema kwa mudomo ya bamama ya hapa. Mama Yvette atabakia mu jikoni."

Papa Solange akakubali mbele Papa Kambale amalize. (Hiyo tutaizungumza siku ingine, miye na yeye.)

"Na tutapakuliwa mu sahani," Mama Kavira akaongeza. "Sahani tuone ndani." Akaanza kucheka tena.

Bameenda saa nane. Paluku alibakia nyuma kidogo juu ya kumuaga Solange, na Solange alitoka na macho mekundu lakini anatabasamu, kwa hiyo nafikiri yule kijana hajakimbia. Kwangu, alisema moja tu. Alipita mu jikoni, akachukua sabuni, akasema tu: "Mama, ulihesabu mpaka ngapi?" Nikamwambia ine. "Mara ingine ujaribu kumi," akasema.

Sasa iko saa kumi. Sufuria nimeiosha na iko ku moto: muchele, na nyama ya Mushaki yenye ilifika kiisha bageni kuenda, iwe na heshima yake na yenyewe. Jogoo kijana mwenye nimenunua sasa hivi nimemufunga miguu, nitamubeba mu mukono, juu kesho nani atatuamsha? Mama Furaha nilimuomba musamaha pale ku migomba, lakini kule bageni balikuwepo na muntu anakubali juu ya bageni. Ninataka kumuomba kwake, mu mulango wake. Nitaomba na ku maji, mbele ya bantu bale bale benye balinisikia. Mara mbili.

Nitapita ku barabara kubwa, sufuria ku kichwa, bila kifuniko, kila muntu aone ndani. Bamotari ya pale ku kona bameshapata maana yao mupya, nilibasikia wakati ninatafuta kuni: "Y.A., Yvette Anamwanga!" Basi. Ya Anto, katekista, Yesu Anaweza, na sasa hii. Nitaacha vile. Kiisha leo, sufuria itakaa kwa Mama Furaha mpaka ndoa ya Solange, na muntu akimuuliza ni ya nani, aseme vile anataka.

Na mwenye atacheka hapa mu grupu, ajue niko ninapita ku mulango wake na sufuria imejaa, na mikono yangu munaijua.